Baba Krismasi wa Kambini

Desemba iliyopita nilikwenda Mikumi kumwona Titus, ambaye nilimfundisha mafundisho ya komunyo ya kwanza akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, na ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko mimi. Amejenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, pale malori ya Iringa yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani. Mlangoni mwanawe alikuwa amesimamisha sanamu ya Baba Krismasi, ya plastiki, inayotikisa kiuno ukiiwasha. Nilikaa kibarazani nikitazama wasafiri wakipiga picha nayo, akina mama wenye baibui, matingo wa malori, bibi harusi mmoja na wapambe wake. Titus alikuja na chai, akaniona ninavyoitazama. "Shikamoo tena, Dada Felista," alisema. "Huyu hachoki. Hali, hanywi, na wala si kwamba amefunga." Tulicheka mpaka mkwe wake akatoka jikoni kutuchungulia. Hakujua tunacheka nini, na sisi tulishindwa kumweleza kwa maneno machache. Niliporudi nyumbani nilinunua daftari. Naandika polepole, kwa sababu shule niliyosoma ni ya msingi tu na kalamu sikuishika sana baada ya hapo, lakini nimeazimia kuandika habari za mwaka ule mmoja mpaka ziishe.

Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Nilikuwa nimefika umri wa kuposwa, na bado sikuweza kumsalimia mtu mzima bila kutazama vidole vya miguu yangu. Nilikaa na shangazi yangu, Matilda, kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Kilosa, chumba kimoja chenye vitanda viwili na kamba ya nguo katikati. Ukuta wa kutenganisha vyumba ulikuwa haufiki juu kwenye bati, kwa hiyo tulikula ugali na mlenda wetu huku tukisikiliza ugomvi wa jirani, na shangazi aliujibu kwa sauti ya chini kama vile ameulizwa yeye. Mchana nilifanya kazi chumba cha brashi, pale katani iliyokaushwa inaposafishwa mpaka inang'aa kama nywele za mzungu. Vumbi lake linaingia kooni na halitoki. Nilipenda kelele za mashine, maana hazikuruhusu mtu kuniuliza kitu. Lakini mwezi wa nane katekista wetu alirudi kwao Vidunda kumuuguza mama yake, na Padre alipokuja kutoka misheni ya Kilosa aliuliza nani kambini anaweza kusoma kitabu kwa sauti. Shangazi alinyoosha mkono wangu. Hakunyoosha wake, alinyoosha wangu. Ndivyo nilivyokabidhiwa watoto wa komunyo, kila Jumapili mchana, kwenye kibaraza cha stoo. Kabla ya hapo sikuwahi kukabidhiwa kitu chochote isipokuwa mtungi.

Watu wasioijua kambi ya mkonge inabidi niwaeleze kuhusu Baba Krismasi. Tangu enzi za meneja Mgiriki, kila mwisho wa Desemba watoto wote wa kambi walikusanywa kwenye uwanja wa klabu, wa Kikristo na wa Kiislamu, na wale ambao wazazi wao hawakuwa huku wala kule. Kengele ya korona ilipigwa, korona ndiyo kiwanda cha kusaga mkonge, kisha toroli linalobeba majani kutoka shambani lilitokea kwenye reli yake likiwa limepambwa matawi, na juu yake amesimama mtu mnene mwenye joho jekundu na ndevu za katani mpaka kifuani. Aligawa pipi na daftari. Wimbo mmoja wa malaika uliimbwa, kisha soda. Mtu yule alikuwa Mzee Salumu, dereva wa toroli, Mwislamu wa kuswali swala tano. Alichaguliwa kwa ajili ya tumbo lake. Watu wazima wote tulijua. Watoto hawakujua, na kulikuwa na jambo moja lililowafunga kabisa. Baba Krismasi aliwaita wote kwa majina. Zaidi ya hapo, aliwaambia makosa yao. "Wewe Anjelina, uache kudandia toroli. Wewe Titus, miwa ya watu si ya babu yako." Mzee Salumu alikuwa anawafukuza kwenye toroli lake mwaka mzima, asingekosa kuwajua. Lakini watoto waliona mzee mwenye ndevu nyeupe, ametoka kusikojulikana, anajua majina yote na dhambi zote. Wakati huohuo mimi, kibarazani, niliwasomea kwamba Mungu anatujua kila mmoja kwa jina na hakuna kinachofichika mbele yake. Waliunganisha wenyewe.

Nililijua hilo Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwanzoni mwa Desemba, Padre alipokuja kuwajaribu. Alikaa kwenye kigoda, watoto wakakaa kwenye mkeka, mimi nikasimama nyuma ya nguzo. Walijibu vizuri amri za Mungu. Walijibu vizuri sakramenti. Padre alifurahi, akauliza swali la mwisho kama mtu anayewapa zawadi.

"Haya, wanangu. Krismasi tunasherehekea kuzaliwa kwa nani?"

"Baba Krismasiii!"

Walisema kwa pamoja, kwa nguvu, na waliridhika. Padre alinitazama mimi, kisha akamgeukia Anjelina, ambaye alikuwa msikivu kuliko wote.

"Na huyo Baba Krismasi anakaa wapi?"

"Mbinguni, Padre."

"Anafanya nini huko?"

"Anatuona."

"Anajua mpaka anayeiba miwa," alisema Titus.

Padre hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliniita pembeni, akaongea taratibu kama unavyoongea na mgonjwa. "Binti, nitarudi mkesha wa Krismasi, mchana, kuwaungamisha. Nitawauliza tena. Wakijibu hivi, komunyo haipo, na darasa nitalihamishia misheni." Nilijua maana yake. Kutoka kambini mpaka misheni mtoto mdogo hafiki kwa miguu na kurudi siku moja, na wazazi waliamkia kukata mkonge, nani angewapeleka? Darasa kuhamia misheni ni darasa kufa. Shangazi aliponiuliza usiku ule kwa nini sili, nilimwambia chakula hakina chumvi.

Mambo yaliongezwa uzito na mkutano wa wafanyakazi. Shamba lilikuwa limechukuliwa na serikali, Mgiriki ameondoka, na mahali pake alikuja Ndugu Meneja, kijana mwembamba kutoka Dar es Salaam aliyekataa kuitwa bwana. Alisimama juu ya kreti akasema sherehe ya watoto itakuwepo, lakini ni sherehe ya watoto wa wafanyakazi, siyo ya kanisa wala ya msikiti. Sala itaachwa. Wimbo wa malaika utaachwa.

"Na yule mzee mwekundu?" aliuliza mtu.

"Atakuwepo. Ila ataitwa Mzee wa Sikukuu."

"Atakuja na pipi?" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi yangu.

"Atakuja nazo, ndugu."

"Basi mwiteni hata Mzee wa Posta!"

Watu walicheka, na Ndugu Meneja mwenyewe alicheka. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Watoto wa Kiislamu walikuwa zaidi ya nusu ya uwanja, na mwaka ule Ramadhani ilikuwa imeingia Desemba. Ingekuwaje wazazi wao wawalete kuimba wimbo wa kanisani wakiwa wamefunga? Alitaka uwanja ambao kila mtoto anaingia bila kuulizwa dini yake, na hilo ni jambo zuri. Ila nilirudi chumbani nikihesabu kilichobaki. Ule wimbo mmoja ndio ulikuwa unataja mtoto aliyezaliwa. Sasa Krismasi ya kambini ilikuwa imebaki na ndevu tu.

Jumapili ya pili ya Majilio nilipambana nao. Niliwaambia aliyezaliwa ni Yesu, wakasema sawa, ni Yesu, mtoto wa Baba Krismasi. Nilipokataa, Titus alisimama. "Dada Felista, Baba Krismasi anakuja kila mwaka. Yesu alikuja lini hapa kambini?" Nilitazama vidole vyangu, wao wakatazama vidole vyangu pia. "Si uwaambie ni Salumu tu," alisema shangazi jioni hiyo, akipepeta mchele wa Tindiga. "Yaishe." Lakini kumvua mtu mzima nguo mbele ya watoto bila kumwomba ruhusa kwetu hakufanywi, hata kama nguo yenyewe ni joho la sherehe. Niliona lazima niende kwake. Nilikwenda mara mbili nikaishia kwenye mti wa mkwaju nje ya nyumba yake nikarudi. Mara ya tatu niliapa kwamba nikirudi tena bila kubisha hodi, darasa nitalirudisha mwenyewe kwa Padre.

Nilifika wakati wa futari. Kabla sijabisha nilisikia wageni wake wakimtania ndani. "Salumu, mwaka huu utavaa joho la padre na funga yako?" Mwingine akasema, "Atapata thawabu za pande mbili huyu!" Nikamsikia Mzee Salumu akijibu bila haraka: "Hata maalimu wa msikiti ameniuliza. Nimemwambia, mimi sijavaa dini. Nimevaa nguo nyekundu." Nilibisha. Nilikaribishwa mkekani upande wa wanawake, mkewe, Mama Zuhura, akanipa bakuli la uji wa pilipili manga na sahani ya magimbi, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini mpaka nilipomaliza. Wageni walipoondoka kwenda kuswali tarawehe, Mzee Salumu alibaki mlangoni ameshika kanzu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema, nisichelewe."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini tena.

"Wamesema nakaa mbinguni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Astaghfirullah." Alishika kichwa. Mama Zuhura aliinamia sufuria, mabega yanatikisika kwa kicheko, na yeye akamwambia, "Usicheke, Mama Zuhura, hii ni shirki hasa! Mimi nawafanyia watoto mchezo, kumbe wananiabudu?"

Nilimwomba siku ya sherehe avue ndevu mbele ya wote. Alikataa palepale. Alisema wako watoto wadogo wa miaka minne na mitano ambao hawajafikia mambo ya kuzaliwa nani, na mwaka mzima hakuna mtu mkubwa anayekuja kwa ajili yao isipokuwa yule wa kwenye toroli. Hawezi kuwanyang'anya kwa sababu ya wakubwa wachache. Nilidhani mazungumzo yameisha. Nilianza kuinuka. Ndipo akasema, "Hao wa darasa lako waambie wewe. Wasipokuamini, waje waniulize. Mimi nimefunga, siwezi kusema uongo." Kisha akaongeza, "Lakini waje kabla ya Idi," na mkewe akacheka tena, safari hii kwa sauti.

Jumapili iliyofuata niliwaambia. Hawakuamini hata mmoja. Anjelina alisikitika kwa ajili yangu. Basi niliwachukua, tukafuatana mstari mmoja kandokando ya reli mpaka kwenye banda la matoroli, ambako Mzee Salumu alikuwa anapaka mafuta magurudumu. Midomo yake ilikuwa mikavu kwa funga. Walimsalimia kwa pamoja, akaitikia. Titus alisukumwa mbele.

"Mzee Salumu, wewe ndiye Baba Krismasi?"

Aliweka kopo la mafuta chini. Nilimwona akimtazama kila mmoja, na nafikiri alikuwa anatafuta njia ya kupita. Haikuwepo. "Ndiyo mimi," alisema. "Na miwa bado uiache." Hakuna aliyecheka. Anjelina alilia kidogo, bila sauti. Mzee Salumu alimfuta machozi kwa nyuma ya mkono, maana kiganja kilikuwa na grisi, akawaomba wasiwaambie wadogo zao. Waliahidi.

Tuliporudi kibarazani nilidhani kazi imekwisha. Nilifungua kitabu. Titus hakukaa.

"Dada Felista. Na Yesu je? Yeye nani anamvaa?"

Sisi tulipokuwa wadogo swali kama hilo lilijibiwa kwa fimbo. Niliona wazi kwamba nikimwambia anyamaze atanyamaza, na atanyamaza maisha yake yote, na moyoni atajua kuna mtu ndani ya joho. Nilitafuta kwenye kitabu. Hakikuwa na swali hilo. Basi nikasema lile nililokuwa nalo. "Mimi sijamwona, Titus. Hakuna aliyenionyesha. Nilisimuliwa, nikaamini."

"Kwa hiyo hata wewe hujui?"

"Naamini. Kumwona sijamwona."

"Kaa chini wewe, Godauni!" mtoto mmoja alipiga kelele, na wengine wakacheka kwa nafuu. Hilo lilikuwa jina la kumtania. Wazazi wake walipofika kambini kutoka Njombe, vyumba vilikuwa vimejaa, wakalazwa kwenye ghala la katani, na mama yake akajifungua humo, juu ya mafungu. Titus alikunja ngumi. Sikupanga nilichofanya. Nilifungua Injili, nikaanza kusoma, polepole kama ninavyosoma siku zote, habari za mtu na mkewe waliosafiri mbali na kukosa chumba. Niliposoma mahali mtoto alipolazwa, Titus alinikatiza.

"Alizaliwa godauni?"

"La ng'ombe."

"Walimtania?"

Kitabu hakisemi. "Nadhani walimtania," nilisema. Aliacha kukunja ngumi. Alitoka nyuma, akawaruka wenzake, akakaa mbele kabisa, akaniambia nisome tena tangu mwanzo. Nilisoma. Hakuna aliyemwita Godauni siku ile.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, kengele ya korona ililia na toroli likatokea na matawi yake. Ndugu Meneja alipiga makofi kuliko watoto. Mzee wa Sikukuu aligawa pipi ambazo yeye mwenyewe asingeweza kuonja mpaka magharibi, jasho linamtiririka ndani ya katani, na alimwita kila mtoto kwa jina. Wanafunzi wangu walipanga foleni kama wengine. Niliogopa watasema. Lakini Anjelina alimnyanyua mdogo wake juu ili aonekane, akamwambia sikioni, "Sema shikamoo," na alipofikiwa yeye alipokea pipi kwa mikono miwili, akapiga goti zaidi ya miaka yote. Walikuwa wanamheshimu mtu sasa. Niliona wamempenda zaidi, na sikuwa nimelitegemea hilo.

Mchana Padre alifika. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Alikaa kwenye kigoda kilekile, akaanza na swali lenyewe.

"Krismasi alizaliwa nani?"

"Yesu!"

"Na Baba Krismasi je?"

Walitazamana. "Ni mtu mzuri, Padre," alisema Anjelina. "Ila Krismasi siyo siku yake."

"Ni Mzee Salumu," alisema Titus. "Amefunga, kwa hiyo hakutudanganya." Padre alifunika mdomo kwa mkono kana kwamba anakohoa. Ingeishia hapo, lakini Titus alikuwa amesubiri siku yake. "Padre, na Yesu nani anamvaa?"

Mkono wa Padre ulishuka. "Swali hilo umefundishwa na nani?"

"Nimelifikiria mwenyewe."

Padre alinigeukia. "Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia sijamwona," nilisema. "Nimesimuliwa, nimeamini."

"Hilo si jibu la katekisimu, Felista." Alisema watoto wako tayari, komunyo watapata kesho, na anashukuru kwa kazi. Ila baada ya sikukuu atamleta katekista wa kozi kutoka misheni, mtu mzima, anayejua kujibu, ili mimi nipumzike.

Alilisema kwa wema. Miezi michache nyuma ningeitikia "Sawa, Padre," nikarudi kwenye mashine yangu, na pengine ningeona nimetuliwa mzigo. Nilitoka nyuma ya nguzo.

"Hapana, Padre. Naomba darasa libaki kwangu."

Watoto waligeuka wote kunitazama. Hawakuwahi kunisikia nikisema hapana hata kwa kuku.

"Kwa nini?"

"Titus ameuliza, na sijamaliza kumjibu. Akija mgeni atamwambia anyamaze."

"Na utamaliza lini?"

"Sijui, Padre. Lakini nitakuwepo."

Alinitazama. Nami sikuondoa macho. Mwishowe alivaa stola yake shingoni, akavuta kigoda mpaka ndani ya mlango wa stoo, mahali alipokuwa akiungamishia. "Darasa ni lako," alisema. "Haya, nani anaanza?"

Alianza Titus. Alikaa humo muda mrefu kuliko wote waliomfuata. Sisi tuliokuwa nje hatukuweza kusikia maneno, na haikuwa halali kuyasikia, ila tulisikia sauti ya mtoto ikiuliza kitu kifupi, kisha sauti ya Padre ikieleza, ikipanda, ikishuka, ikinyamaza kidogo, ikianza kueleza upya.